Mwanangu alifuta jibu lake ili tushinde

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 41 na watoto wawili. Wa kwanza ana miaka kumi, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Naomba jina langu lisitokee, wala jina la kipindi, maana tulitia sahihi kwamba hatutatoa matokeo kabla hakijarushwa. Nimebadilisha vitu viwili vitatu vidogo ili tusitambulike.

Ni kipindi cha michezo cha televisheni ambacho mtoto na mzazi wake wanashindana na mtoto na mzazi wa familia nyingine. Kuna maswali, kuna mbio za vikwazo, kuna kumwagiwa ute wa kijani kichwani, halafu mwisho kabisa kuna raundi ya kujuana. Mwanangu anakitazama tangu ana miaka sita. Kila kikwazo amekipa jina lake mwenyewe. Fomu ya kuomba aliijaza yeye, mimi nikatia sahihi tu. Tukaitwa kwenye usaili, tukapita.

Nikiri mapema: kazi yangu ni ya safari. Kwa mwezi nyumbani naonekana siku nane au tisa. Kwa hiyo aliponiambia anataka twende mimi na yeye, si yeye na mama yake, nilifurahi hadi nikaomba ruhusa kazini siku hiyo hiyo.

Siku ya kurekodi ilikuwa ndefu. Tulifika asubuhi, tukasimama mbele ya kamera saa kumi jioni, maana vilikuwa vinarekodiwa vipindi vitatu kwa siku moja. Tulirudia kuingia mlangoni mara nne kwa sababu ya taa. Mimi nilishachoka, yeye wapi! Kwenye vikwazo alipita ndani ya bomba la povu kama samaki. Tulipoingia raundi ya mwisho tulikuwa na pointi 80, wenzetu 60. Wenzetu walikuwa mama na binti yake, kasichana ka umri wa mwanangu, miwani yake imefungwa kamba kisogoni isianguke.

Raundi ya kujuana iko hivi. Mzazi na mtoto mnakaa mmepeana migongo, kila mmoja ana ubao mdogo mweupe na kalamu ya bluu. Mwendesha kipindi anauliza jambo linalomhusu mtoto, wote wawili mnaandika, kengele inalia, kalamu chini. Mkifunua mbao na majibu yakawa sawa, pointi kumi. Maswali ni matano.

Mama Mshauri, niliaibika. Mtoto wako anaogopa nini zaidi? Niliandika mbwa, yeye kaandika lifti. Akiwa na huzuni hukaa wapi? Nikaandika chumbani, yeye kaandika kwenye ngazi. Katika maswali manne nilipata moja tu. Wenzetu walipata matatu. Tukawa 90 kwa 90. Watu walikuwa wanacheka, si kwa ubaya, lakini jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye mkanda. Na kila nilipokosa, mwanangu alisema, "Karibu, baba! Umekaribia!" Kama vile mtoto ni mimi.

Swali la tano: rafiki yake mkubwa ni nani? Hapo nikapumua. Niliandika jina la mtoto ambaye wamecheza naye tangu chekechea, nimwite J. Kengele ikalia. Wenzetu ndio waliotangulia kufunua, wakakosa. Mwendesha kipindi alipokuwa akiwatania, fundi wa sauti akaja kunitengenezea kipaza sauti kilichokuwa kimeteleza kwenye kola. Nikageuka kidogo ili akifikie. Ubao wangu ulikuwa magotini, maandishi juu. Mwanangu naye akageuka kuangalia kuna nini. Niliyaona macho yake yakishuka kwenye ubao, yakasoma, yakaondoka. Kisha nikasikia kiganja kinasugua plastiki, haraka, mara mbili. Halafu kalamu.

Tukafunua. J. na J. Studio nzima ikalipuka. "Baba anamjua mwanawe!" alisema mwendesha kipindi. Mwanangu akanirukia shingoni. Kiganja chake cha kulia kilikuwa bluu tupu, na shati langu lina alama yake mgongoni hadi leo.

Tukiwa kwenye gari nilimuuliza, "Hivi wewe na J. bado mnaonana?" Akasema, "J. alihama, baba. Tangu darasa la pili." Kisha akaniuliza baiskeli zitakuwa za rangi gani.

Zawadi ni baiskeli mbili na kompyuta moja. Tutakabidhiwa kipindi kikisharushwa, na kitarushwa wiki nne kuanzia sasa. Mwanangu ana furaha kama kawaida, anahesabu siku. Mimi usiku silali. Nimesoma kisa cha yule meja wa Uingereza, Charles Ingram, aliyeshinda milioni kwa msaada wa kikohozi cha mwenzake akaishia mahakamani, na sasa kila nikifumba macho naona kamera. Namwona na yule binti mwenye miwani, tuliyemwibia ushindi wake mchana kweupe. Mimi nimelelewa na methali kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikinyamaza, nimemfundisha mwanangu wizi. Nikisema, nimemshtaki mtoto kwa kosa la kunipenda. Mke wangu nimemweleza, anasema nisithubutu kufungua mdomo, ni mchezo tu wa watoto, na nikiuharibu nitamwaibisha mwanetu mbele ya shule nzima.

Niambie nifanye nini.

Baba wa Mshindi

*

Marahaba, mwanangu.

Nashukuru umeandika kwa urefu. Watu wengi huniletea hukumu waliyokwisha kuitoa, wakitaka nigonge muhuri. Wewe umeniletea tukio lenyewe, na wino wake.

Kama nimekuelewa, mambo yako hivi. Mtoto alibadilisha jibu baada ya kengele. Wewe ulimwona. Yeye huenda hajui kwamba ulimwona, na huenda anajua. Hakuna aliyemtamkia mwenzake. Katikati yenu kuna baiskeli mbili, binti mmoja mwenye miwani, kanda iliyo mikononi mwa watu wengine, na wiki nne. Unaniuliza useme au unyamaze. Mimi sidhani kwamba njia ni hizo mbili tu, lakini tutafika huko.

Kwanza tupige hesabu, maana hofu ya usiku haijui hesabu. Unasema mliwaibia ushindi. Kwa pointi ulizoniandikia, kabla ya swali la tano mlikuwa 90 kwa 90, na wenzenu swali hilo walilikosa. Mwanao angeacha jibu lake kama lilivyokuwa, nanyi mngekosa, na mngetoka sare. Sare kwenye michezo ya namna hii huamuliwa kwa swali la ziada au kitu kama hicho, na swali hilo angeweza kulishinda yeyote. Kwa hiyo yule binti alipoteza nafasi ya kushinda. Nafasi si kitu kidogo, hasa ukiwa na miaka kumi, nami sikuambii ulipuuze. Nakuambia tu kwamba siku ukiamua kulisema jambo hili, lisemwe lilivyo, lisiongezwe uzito usio wake.

Kuhusu meja Ingram. Huyo alikuwa mtu mzima, aliyekalia kiti cha maswali mwaka 2001, na mwaka 2003 mahakama ikamtia hatiani kwa udanganyifu pamoja na mkewe na mwenzao mmoja, kwa ajili ya pauni milioni moja. Kumweka mwanao kwenye benchi moja nao kwa sababu ya sekunde tatu na kiganja ni kumwonea. Nakuomba usiku usisome tena visa vya mahakamani.

Ila kuna kitu kimoja katika kisa kile ambacho hakikukosea njia kuja kwako: watayarishaji walirudi kwenye kanda wakasikiliza. Studio ina kamera kadhaa zinazoandika kwa wakati mmoja, hata zile ambazo picha yake haitatumika. Kuna mtu anayeitwa mhariri, ambaye saa hizi huenda amekaa kwenye chumba chenye giza akipunguza saa mbili zenu ziwe nusu saa. Anaweza kuwa ameshakiona kiganja cha bluu. Anaweza kuwa ametabasamu akapita, anaweza kuwa ameandika maelezo kwa bosi wake. Siri unayoilinda haiko mfukoni mwako peke yako, kwa hiyo kunyamaza kwako si kufuli imara kama mke wako anavyodhani.

Ukitaka kisa cha kulinganisha, nitakupa cha mtoto. Mwaka 1958 huko Marekani, msichana wa miaka 11 aitwaye Patty Duke alishiriki shindano la maswali la televisheni, The $64,000 Challenge. Majibu alikuwa amepewa kabla. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 12, aliketi mbele ya wabunge akawaeleza. Miaka ile mashindano kadhaa yalibainika kuwa yamepangwa, na mwaka 1960 Marekani ikatunga sheria ya kuzuia hila hizo. Patty Duke aliendelea na maisha, akawa mwigizaji, akapata Oscar akiwa na miaka 16. Ninachokitazama mimi ni mahali lawama zilipoangukia. Sheria ile ililenga wanaoandaa udanganyifu, watu wazima wenye ofisi na funguo. Hakuna aliyesema tatizo la televisheni ya Marekani ni msichana wa miaka 11.

Na hapa naomba nikuguse kidogo. Utaratibu ule ulikuwa na tundu, na tundu hilo hakulitoboa mwanao. Kengele imelia, majibu hayajafunuliwa, ubao wako umelala maandishi juu, fundi anaruhusiwa kuingia katikati, na mtoto wa miaka kumi aliye macho tangu asubuhi anaachwa bila mtu wa kumsimamia. Uingereza, kanuni za Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji kule, zinataka kituo kiangalie ustawi na heshima ya mshiriki aliye chini ya miaka 18, hata kama yeye na mzazi wake wamekubali kushiriki. Nchi nyingine zina kanuni zao. Wazo ni kwamba sahihi yako kwenye fomu haikuwaondolea wao kazi ya kumtunza mtoto. Nimelitaja kwa sababu wewe umejibebesha mzigo wote, na sehemu yake ni ya watu waliolipwa kuubeba.

Sasa tuje kwenye sentensi yako niliyoipigia mstari: "kosa la kunipenda." Una uhakika gani? Inawezekana kabisa. Inawezekana pia kwamba alitaka baiskeli. Inawezekana alitaka taa zizimwe, watu waache kumcheka baba yake, aende nyumbani. Mtoto wa miaka kumi anaweza kutaka vyote hivyo ndani ya sekunde tatu bila kujua kipi kimemsukuma mkono. Kuna watafiti wa Kanada, Kang Lee na Victoria Talwar, ambao kwa miaka mingi wamechunguza watoto na uongo. Jaribio lao moja linafanana na lako hadi nikacheka: mtoto anakalishwa, nyuma yake kunawekwa kichezeo, anaambiwa asigeuke, mtu mzima anatoka chumbani. Watoto wengi hugeuka. Na wengi wa waliogeuka, wakiulizwa, husema hawakugeuka. Watafiti hao hao wameona pia kwamba uongo wa kumsitiri mwingine, ule wa kusema zawadi ni nzuri ilhali umeichukia, watoto huuanza wakiwa bado wadogo, na huufanya kwa ustadi zaidi kadiri wanavyokua. Kwa hiyo mwanao si mwizi anayechipukia, na wala si malaika. Ni mtoto aliyegeuka.

Nikimwita malaika nitamfungia mlango. Wewe pia ukimwita hivyo utakuwa umemfungia, maana malaika hana ruhusa ya kusema, "Baba, nilitaka ile baiskeli."

Lakini barua yako ina mahali pengine nilipoiweka chini nikatembea kidogo. Si pale pa kiganja. Ni pale kwenye gari. Ulimuuliza kama bado wanaonana na J., naye akakuambia ukweli mtupu: J. alihama tangu darasa la pili. Sasa fikiri. Mtoto anayetaka kuficha alichofanya angesema, "Ndiyo, tunaonana." Lilikuwa jibu la neno moja tu. Yeye akakupa habari ambayo, ukiiweka karibu na ule ubao, inasema kila kitu. Ama aliamini unajua tayari, ama alikuwa anakufungulia mlango kidogo aone kama utaingia. Hukuingia. Akauliza rangi ya baiskeli.

Sikulaumu, mwanangu. Ulikuwa umechoka, na pengine ulishaelewa na ikakuuma. Ila unaponiambia mtoto "ana furaha kama kawaida", nakumbuka kwamba ni mtoto huyu huyu aliyekaa raundi nzima akikuambia "karibu, baba". Anajua kukufanya usijisikie vibaya. Furaha yake siipingi, ila kama kipimo cha amani yake siitegemei sana.

Haya, njia.

Unaweza kunyamaza. Mke wako hajakosea kila kitu. Watoto huaibishana shuleni kwa mambo madogo kuliko hili, na kipande cha video siku hizi hakiishi kipindi kikiisha. Hatari ya kunyamaza nimeshaigusa: kanda haiko mikononi mwenu. Kuna nyingine. Siku ya kurushwa mtakaa sebuleni wote, na itafika ile sekunde. Wewe utakuwa unajua, mama yake atakuwa anajua, mtoto atakuwa anajua, na nyote watatu mtapiga makofi. Jaribu kuiona picha hiyo vizuri kabla hujaichagua. Zipo familia zinazoweza kuipita na ikabaki utani wa ukubwani. Zipo ambazo haipiti.

Unaweza kuwapigia simu watayarishaji bila kumwambia mtoto. Najua inakuvuta, kwa sababu inakupa usingizi leo hii. Ipo hata namna ya kuisema isiyomtaja: kwamba ubao wako ulionekana kabla ya kufunuliwa, na ungependa swali la tano liangaliwe tena. Ni kweli, na ni haki yao kulijua. Lakini nusu ya ukweli ina tabia ya kwenda kuchukua nusu iliyobaki. Wataitazama kanda, watakiona kiganja, na kuanzia hapo uamuzi si wako. Wanaweza kulikata swali hilo, wanaweza kuwaita tena wote wanne, wanaweza kuwaondoa, wanaweza pia kusema asante wakaacha ilivyo. Isome fomu uliyotia sahihi kabla hujagusa simu. Mara nyingi kuna kifungu juu ya kuvunja kanuni za mchezo na juu ya zawadi. Na mwanao atakapojua kuwa baba alimwona, akanyamaza, kisha akaenda kusema kwa wengine, hilo nalo utakuwa na kazi ya kulieleza.

Wengine huja na wazo la tatu: kupokea baiskeli kisha kuipeleka kwa yule binti, kimyakimya. Hukulitaja, lakini usiku mmoja litakujia. Sina raha nalo. Binti hataelewa kwa nini amepewa, mwanao hataelewa kwa nini amenyang'anywa, na wewe utakuwa umejinunulia utulivu kwa baiskeli ya mtoto. Labda ungeweza kulifanya vizuri kuliko ninavyolichora.

Na unaweza kuanza na mtoto. Hapa ndipo moyo wangu unapoegemea, sitakuficha, lakini nako kuna mashimo. La kwanza ni kumgeuza hakimu. "Haya, nimekuona, sasa wewe ndiye uamue tuwaambie au tusiwaambie." Huo si usikivu, ni kumtupia kaa la moto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kusikilizwa ni tofauti na kuachiwa usukani. Shimo la pili: ukimuuliza, lazima uwe tayari kwa jibu usilolipenda. Akisema, "Naomba usiwaambie, baba," utafanyaje? Kama umeshaamua moyoni kwamba utawaambia vyovyote vile, usimuulize kama unaomba ushauri. Mwambie ukweli kwamba umeamua, na umsikilize anavyolia.

Shimo la tatu ni sentensi ya kwanza. Mwaka 2014 Lee na wenzake walichapisha jaribio la kuwasomea watoto hadithi kabla ya kuwauliza kama wamechungulia. Hadithi za waongo walioadhibiwa hazikuwasogeza kwenye ukweli. Iliyowasogeza ni ya mtoto aliyekiri kosa na baba yake akamfurahia kwa kukiri. Ndiyo maana methali yako ya njia ya mwongo ni fupi ningeiacha nje ya mazungumzo haya. Ukianza na "Nimeona ulichofanya," mtoto atasikia mlango wa mahakama. Unaweza kuanza na lako: "Sikujua kwamba J. alihama. Miaka miwili, na mimi sikujua." Kisha unyamaze. Yeye ni hodari wa kukufariji, atajaribu kusema haidhuru. Usikubali kufarijiwa haraka.

Mama yake awepo au asiwepo, mtajua ninyi. Ila mzungumze naye kwanza, asije akajikuta anamtetea mtoto dhidi yako katika jambo ambalo hakuna anayemshambulia.

Kuna mtu mmoja ambaye hayumo kwenye hesabu yako, naye amenisumbua kuliko kamera zote. Rafiki mkubwa wa sasa. Mwanao aliandika kitu kabla ya kufuta. Kama lilikuwa jina, basi wiki nne zijazo mtoto mwenye jina hilo atakaa mbele ya televisheni, pengine ameita na ndugu zake, na atamsikia rafiki yake akimtaja mtu aliyehama zamani. Sijui kama mwanao ameliwaza hilo. Watoto huwaza mambo kama hayo wakati taa zimezimwa. Huenda hilo ndilo atakalotaka kuongea nawe, wakati wewe umejiandaa kuongea habari za uaminifu na zawadi.

Nimeipitia barua yako tena nikitafuta hilo jina, hata kwa herufi moja, kama ulivyomwandika J. Sikulikuta. Umeniandikia pointi, vikwazo, meja wa Uingereza, kamba ya miwani ya mtoto wa watu. Kilichofutwa chini ya kile kiganja hujauliza. Kuwa mwangalifu unapokwenda kuuliza, kwa sababu si lazima liwe jina zuri la kufurahia. Linaweza kuwa la mtu usiyewahi kumsikia. Linaweza kuwa la mtu mliyemkataza. Na wapo watoto ambao kwenye swali kama hilo huandika "sina".

Una siku nane au tisa mwezi huu, na kipindi kinarushwa mwishoni mwa wiki nne. Kwenye ule ubao wa raundi ya kujuana, mwanao aliandika mahali anapokaa akiwa na huzuni, nawe sasa unapajua. Ukimkuta pale, kaa ngazi moja chini yake.

Ukilipata hilo jina, niandikie. Sitalichapa.

Mama Mshauri